Saanane: nusu saa nzima naangalia mjusi

Nimezaliwa Mwanza nimekulia Mwanza, na Saanane nimekanyaga juzi Jumamosi kwa mara ya kwanza, aibu kwa kweli maana kisiwa chenyewe kinaonekana kabisa ukiwa Capri Point na boti haimalizi hata robo saa. Nilienda na ba'mdogo. Yeye alishafika akiwa shule ya msingi, enzi hizo bado ni bustani ya wanyama, ya kwanza ya serikali, ilianzishwa 1964, na njia nzima anatuhadithia mabanda tu. Sasa tangu 2013 ni hifadhi ya taifa, ndogo kuliko zote nchini, hata ukihesabu na maji yake ni kilomita za mraba 2 na kidogo. Mzee kashuka tu kaanza, "mnyama mwenyewe yuko wapi?"

Wapo, ila unawatafuta bana. Swala pala tuliwakuta kivulini, tumbili wao wanakutafuta wewe hasa ukiwa na ndizi. Halafu pimbi. Mtaani ukimwita mtu pimbi jiandae kwa ngumi, kumbe ni ndugu wa tembo, ba'mdogo akagoma kabisa mpaka yule kaka anayetuongoza akamwambia ayaangalie yale meno mawili ya juu, hayaachi kukua, ni kama pembe za tembo tu.

Mimi nilikwama kwa mjusi. Dume kichwa pinki, mwili bluu, kajilaza juu ya jiwe anapiga pushapu kuwatisha wenzake, jike ni kahawia tu ukipepesa macho umempoteza. Jina lake la kisayansi ni Agama mwanzae, yaani kapewa jina la mji wetu na sisi tunampita kila siku kwenye mawe huku mtaani tunamrushia vijiwe!

Wakati wa kurudi yule kaka akatusimulia Rubondo, sokwe waliotolewa kwenye mabanda ya Ulaya wakaachiwa pale kisiwani kati ya 1966 na 1969, wakajifunza porini wenyewe, wakazaliana, wajukuu zao wengine mpaka leo wakiona mtu wanakimbia. Ba'mdogo kimyaaa. Tumekaribia kushuka ndo anauliza, "sasa ukienda huko unawaona?" Jamaa akacheka, akasema kuna watu wanaishia kusikia kelele zao tu.

Tangu Jumapili ananipigia simu kuulizia nauli ya Rubondo.