Kaseti za Game Boy kwenye makava ya DS, na kwa nini gundi sitaki hata kuisikia

Wanaonijua wanajua nina ugonjwa wa kaseti za gemu za zamani, zile za mashine za gemu za mkononi za Nintendo, Game Boy ile ya kijivu, Game Boy Color, Game Boy Advance, zote nazipenda na karibu zote ninazo tupu, yani kaseti peke yake, boksi hakuna kitabu hakuna, maana Nintendo miaka yote ile walikuwa wanaziuza kwenye maboksi ya karatasi ngumu na we niambie mtoto gani wa miaka tisa anatunza boksi la karatasi? Linachanwa asubuhi ya Eid, jioni mama ameshalifagia. Game Boy imetoka 1989, Advance imetoka 2001, na mpaka Advance inazikwa bado mambo yalikuwa karatasi tu. Leo boksi la gemu za Pokémon, nasema boksi lenyewe bila kaseti ndani, linauzwa hela ambayo ukimtajia mtu nyumbani Tanga atakuuliza kama umzima.

Sa sisi tusio na hela za kununulia karatasi tumehamia kwenye makava ya plastiki ya gemu za Nintendo DS, ile mashine iliyokuja baada ya Advance. Hapa Leicester, Uingereza, yamejaa, ukienda kwenye ile minada ya Jumapili watu wanamwaga mitumba nje ya buti za magari, gemu za DS unazikuta kwenye beseni kwa bei ya soda. Na kuna kitu kinanifurahishaga sana kila nikikieleza. DS ilivyotoka mwishoni mwa 2004 ilikuwa na matundu mawili, moja la kakadi kadogo ka DS na lingine la kaseti ya Advance, ili mtu asitupe gemu zake za zamani, kwa hiyo hata makava ya gemu za DS ya miaka ya mwanzo yalitengenezwa na sehemu mbili humo ndani, kashimo ka kadi na shimo lingine kubwa la mstatili ambalo watu walikuwa wanaliangalia tu hawajui la nini. Lile la Advance bana! Kwa hiyo kama una kaseti za Advance hakuna cha kukata wala kuchonga, unachomeka tu inaingia kwa mlio. Yani mtu anahangaika na msasa na visu saa nzima kumbe fundi wa kiwandani alishamaliza kazi.

Shida ni kwamba siyo kila kava linalo. Ilipokuja DSi, toleo la baadaye la DS, Japani 2008, kwingine 2009, tundu la Advance likaondolewa kwenye mashine, na makava ya baadaye nayo mengi yakawa hayana tena lile shimo. Ya 3DS, mashine iliyofuata, ndo kabisa usihangaike nayo. Ukiwa mnadani fungua kava uone kwa macho, usiangalie jina la gemu. Ila kama unataka njia ya mkato tafuta Dr Kawashima's Brain Training, ilitoka Ulaya 2006, wazee wote wa nchi hii waliinunua wakacheza wiki moja wakaitupa, haina thamani yoyote na kava lake ni la kipindi kile kile tunachokitaka. Gemu za mpira za kila mwaka pia hazina mwenyewe. Lakini tafadhali jamani, kabla hujakata kava angalia kwanza bei ya hiyo gemu ya DS, kuna gemu za DS siku hizi zimepanda kuliko hiyo kaseti unayotaka kuihifadhi, utakuwa unabomoa ghorofa kujenga banda.

Haya, tukija kwenye Game Boy ya kawaida na Color ndo kazi inaanza. Kaseti ya Advance ina upana wa kama sentimita 5.7 na urefu kama 3.5. Ya Game Boy upana ni ule ule karibu, ila urefu ni kama 6.5. Unaona? Upana unakubali, urefu ndo unagoma, kwa hiyo kinachotakiwa ni kuondoa vile vikuta vya plastiki vilivyosimama humo ndani ili upate uwanja. Unene siyo tatizo sana, kaseti ya Game Boy ni kama milimita 8, na makava ya huku Ulaya ni manene kuliko ya Marekani, hilo lijue kabla hujaagiza kutoka Marekani kwa kuona picha nzuri.

Plastiki yenyewe sasa. Geuza kava utafute ile alama ya pembetatu, mara nyingi utaona PP, yani polipropilini. Hii plastiki ina tabia zake na ukizijua nusu ya kazi imeisha. Siyo kama kava la CD ambalo ukilikunja linapasuka kwa kelele, PP inakunjika, inakuwa nyeupe pale ulipokunja, haivunjiki, ndo maana lile kava linafunguka na kufunga miaka ishirini pale kwenye mgongo na halikatiki. Kwa hiyo ukidhani utavunja vikuta kwa plaizi tu utabaki na makovu meupe kila mahali. Ninavyofanya mimi ni koleo ndogo ya kukatia nyaya za umeme, ile ya mdomo bapa, nakata kikuta vipande vipande kuanzia juu nikishuka, halafu kisiki kinachobaki chini nakikwangua na wembe, taratibu, mkono unasukuma mbele siyo kuelekea kidoleni. Msasa uache. PP ukiipiga msasa inatoa manyoya, inakuwa kama imeota ndevu, na zile ndevu hazitoki. Wenye ile mashine ndogo ya kuzunguka kwa umeme nao wapunguze spidi mpaka chini kabisa maana ikipata moto plastiki inayeyuka na kujisokota kwenye kichwa cha mashine, wala haikatiki. Na wale wa kuyeyusha kwa pasi ya kulehemu, inawezekana ndio, ila fungua madirisha na usilalamike nyumba ikinuka.

Na hapa ndo nafika kwenye gundi.

Video karibu zote nilizoona mtu anakata vikuta vizuri, anatengeneza vijukwaa vidogo vya kushikilia kaseti, halafu anachukua supaglu anabandika, anaonyesha kamera, makofi. Hawakuonyeshi miezi miwili mbele. PP haishiki gundi. Siyo supaglu tu, karibu gundi zote za dukani, ile plastiki ina ngozi ambayo gundi haiwezi kuing'ang'ania, inakauka juu yake halafu siku moja unafungua kava inabanduka nzima nzima kama gamba. Gundi ya moto ya bastola nayo ni hivyo hivyo, labda utoboe vitundu kwenye kava gundi ipite upande wa pili ijifunge yenyewe kama kishikizo, hapo inakaa, ila sa nyuma ya kava chini ya jalada una vinundu, jalada halilali. Zipo tepu za kiwandani maalum kwa plastiki za namna hii ila bei ya roli moja unanunua kaseti nyingine.

Kwa hiyo mimi nasema usibandike kitu chochote. Kaseti ishikwe kwa kubanwa. Unajaza sehemu yote ya ndani kwa sponji iliyokatwa kufuata kingo za kava, ikae kwa kubana, halafu katikati ya sponji unakata tundu la umbo la kaseti, dogo kidogo kuliko kaseti yenyewe, kama milimita moja kwa jumla, siyo zaidi. Kaseti inaingia kwa kusukumwa na dole gumba na inatoka ukiweka kanafasi ka kidole pembeni, hako kanafasi usikasahau maana bila hako utakuwa unaichokonoa na bisibisi.

Sponji ipi? Siyo ya godoro. Narudia siyo ya godoro wala ile ya kwenye hedifoni, hizo zikikaa miaka zinaanza kumomonyoka na kunata, na kwa joto na unyevu wa pwani yetu ndo zinawahi zaidi, utakuta kaseti imepakwa ujiuji mweusi mpaka kwenye meno yake ya shaba. Inayotakiwa ni EVA, na EVA rahisi kuliko zote ni yale mazulia ya watoto yenye herufi A mpaka Z yanayochomekana. Kile kipande kimoja kina unene wa kama sentimita moja, ukikata kinakatika safi kwa wembe mpya, na kinatosha makava kadhaa. Kama kava lako ni jembamba na sentimita moja inazidi, nenda stationari utakuta zile karatasi za EVA za wanafunzi za kazi za mikono, za milimita mbili tatu, unazipandanisha mpaka unene ukubali, na zenyewe kwa zenyewe zinashikana vizuri, hapo gundi ruksa.

Mdogo wangu yupo Tanga, nilimtumia picha akanijibu kwa voisi, "kaka hayo makava ya DS huku nayatoa wapi mimi, huku hata DS yenyewe nimeiona kwako." Ana haki. Sisi tulikua na brick game za Tetris na zile mashine za kaseti za njano zilizoandikwa gemu laki tisa ndani ukifungua ni gemu nane zimejirudia, Game Boy ilikuwa ya mtoto mwenye shangazi Muscat. Lakini nikamwuliza, makava ya DVD je? Yale ya muvi za kutafsiriwa? Akacheka, anayo kabati zima. Basi kava la DVD la kawaida, lile nene, siyo lile jembamba, ni plastiki ile ile PP, unaondoa kile kitufe cha katikati kinachoshika diski, unajaza EVA, na kwa ukubwa wake unapanga kaseti nne za Game Boy kwenye kava moja bila shida. Zulia la watoto hakulipata akakata soli ya ndala mpya, akaichana katikati iwe nyembamba. Nimeona picha, imekaa vizuri kuliko ya kwangu, rangi ya bluu.

Kujua kama umefanya kazi vizuri ni rahisi, funga kava, litikise karibu na sikio. Ukisikia kok kok rudi mezani. Halafu liweke mezani uangalie mdomo, kama umeachia kidogo maana yake sponji ni nene na lile kava baada ya muda litapinda, punguza.

Majalada sitakaa nayo sana. Chomoa jalada la zamani, lipime kwa rula, usichukue vipimo vya mtu mtandaoni maana mgongo wa kava la Ulaya na la Marekani haufanani. Linaingia kwenye A4 iliyolala. Ukiprinti hakikisha umeweka asilimia 100, printa nyingi zenyewe zinapunguza ili kuacha pembezoni, halafu unashangaa picha fupi. Karatasi ya gramu 120 hadi 150 inatosha, ikizidi hapo haiingii vizuri kwenye ile nailoni ya nje. Na wino wa leza unavumilia unyevu kuliko ule wa majimaji.

Jambo moja naliomba kwa wote wanaofanya hivi, kwa ndani ya jalada, upande usioonekana, andika kwa kalamu kwamba kava umetengeneza mwenyewe. Nasema hivi kwa sababu kaseti feki za Pokémon za Advance zimejaa dunia nzima na kava zuri linaipa feki heshima isiyostahili, mtu anaona jalada linang'aa hachungulii tena kaseti. Ya kweli ukichungulia juu ya meno yake utaona neno Nintendo limeandikwa kwenye bodi, na stika ya mbele kwa kawaida ina kanamba kadogo kamegandamizwa, hakana wino, unakaona ukigeuzia mwanga.

Na kabla hujaifungia kaseti ndani mwake milele, angalia betri. Pokémon Gold na Silver zina betri ya CR2025 imelehemiwa ndani, ndo inashika sevu yako, yani pale ulipofikia kwenye gemu, ikiisha na sevu imeenda. Ruby na Sapphire zenyewe betri ni ya saa tu, ikiisha gemu inakuambia betri imeisha ila sevu ipo. Meno yasafishe kwa pamba na spiriti kali ile ya asilimia 90 kwenda juu, subiri ikauke kabisa ndo uweke kwenye sponji, na msipulize, najua wote tulipuliza.

Zilizonishinda mpaka sasa ni zile zenye vichwa vikubwa. Game Boy Camera ina lile jicho la duara juu, Pokémon Pinball ina kibonge cha kuwekea betri ya AAA ya kutetemesha, hizo hata kava la Ulaya halifungi. Kuna mtu kanishauri kava la DVD lile nene la diski nyingi, sijalipata bado, mwenye nalo Midlands huku anitumie meseji, nitabadilishana na Brain Training hata tatu.