Kama Kwetu ni Mahali Pazuri pa Kazi, Inategemea Umekaa Wapi

Vijana wanaomaliza masomo ya kompyuta Chuo Kikuu cha Dodoma huniuliza kama kampuni ninayofanyia kazi, ambayo inatengeneza mifumo ya taasisi za umma, ni mahali pazuri pa kuanzia ajira. Jibu langu huwakera, kwa sababu kabla ya kujibu nawauliza wanaomba nafasi ipi. Ninao wenzangu wawili walioajiriwa mwaka mmoja, kwa mishahara inayokaribiana, na ukiwasikiliza utadhani wanasimulia waajiri wawili tofauti: mmoja hajawahi kupata uhuru kama anaoupata hapa, na mwingine anatafuta pa kwenda. Siamini kwamba huyu ni mlalamishi na yule ni mpambe wa bosi. Mteja anapopiga simu, mmoja wao ndiye anayepokea, na mwingine hata hajui kuwa simu imepigwa.

Tawi letu lilifunguliwa hapa kwa sababu wateja walihamia hapa. Uamuzi wa Serikali kuhamia Dodoma ulitangazwa mwaka 2016, wizara zikajenga ofisi zao katika eneo la Mtumba, na wanaoishi kwa kuziuzia mifumo wakazifuata. Makao makuu yetu, pamoja na waandishi wa programu karibu wote, yakabaki Dar es Salaam, na sisi wa huduma kwa wateja ndio tukawekwa karibu na wizara. Mwandishi wa programu anaweza kuingia kazini saa nne asubuhi ilimradi kazi yake itoke, ilhali sisi tunafuata saa za mhasibu wa wizara, ambaye saa moja na nusu ameshawasha kompyuta. Uhuru wa kupanga muda, unaosifiwa kwenye kila usaili wetu, upo kweli, lakini kuna anayeulipia. Mfumo ukigoma alfajiri ya siku za mwisho wa Juni, wakati mwaka wa fedha wa Serikali unakaribia kufungwa tarehe 30 na kila idara inataka malipo yake yapite, anayeambiwa "mmetuangusha" ni yule aliyesimama mbele ya mteja, wala si yule aliyeandika programu yenyewe.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, na saa za ziada zisizozidi 50 katika mzunguko wa wiki nne, zinazolipwa kwa angalau mara moja na nusu ya kiwango cha kawaida. Ukomo huo haumhusu mwajiriwa anayesimamia wenzake na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu, na ndiyo maana nilipopewa cheo cha kiongozi wa timu niliusoma mkataba mpya taratibu kuliko nilivyopokea pongezi. Sheria hiyohiyo inampa mama anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku za kumnyonyesha mtoto wake. Katika kitengo kimoja saa hizo ziliheshimiwa bila mtu kukumbushwa. Katika kitengo jirani, chini ya kampuni ileile, vikao viliendelea kupangwa katikati yake, kila mara kwa kuombana radhi.

Halafu kuna suala la kuitana kwa majina, ambalo uongozi wetu unajivunia sana. Tunaambiwa kwamba hapa hakuna bosi na kwamba kila mtu apinge hoja ya yeyote. Kwa aliyekwisha kufanya kazi sehemu mbili tatu, jambo hilo ni faraja ya kweli. Lakini kijana wa mafunzo kwa vitendo aliyemwamkia mhandisi mkuu shikamoo asubuhi hawezi, saa mbili baadaye, kumwambia mbele ya watu kwamba muundo wake wa hifadhidata una kasoro, na wala simlaumu. Yuleyule kijana, akiandikiwa "hii ni nini?" kwenye programu aliyoiwasilisha, hulala na maneno hayo usiku kucha, wakati mwandishi wake aliyatupa kama utani na kuendelea na chai yake. Kumwambia mtu kuwa yuko huru hakutoshi kumpa uhuru wa kusema. Mkubwa angeanza yeye kwa kuuliza, ikiwezekana faraghani, na kwa adabu.

Treni ya umeme iliyoanza safari kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024 imeturahisishia kidogo, maana wakubwa sasa huja asubuhi na kurudi jioni. Tatizo ni kwamba wanaishia ukumbi wa mikutano.

Lililosaidia zaidi ni jaribio la Juni iliyopita, ambapo waandishi wawili wa programu walikaa nasi Mtumba wiki nzima. Mmoja wao, baada ya kuwasikia wahasibu wakilalamikia ujumbe wa "kosa limetokea" usioeleza kosa lenyewe, aliuandika upya kabla wiki haijaisha ili utaje hatua iliyokwama, na simu za aina hiyo zikapungua. Tumeomba wiki hiyo iwe utaratibu wa kila mwaka. Uongozi unasema wazo ni zuri, ila hakuna fungu la posho ya kujikimu.