Mtu asiyenijua

Tangu mume wangu atangulie mbele ya haki, watu wanaonijua wamebadilisha sauti. Wananisalimia taratibu, kichwa kimeinama kidogo, na kabla sijaitikia vizuri wameshauliza habari za presha, magoti na usingizi. Nawapenda, na najua wananitakia mema. Lakini mbele yao mimi ni mjane kwanza, kisha mgonjwa, na yale mengine yote niliyokuwa kwa miaka 70 na ushei yanasubiri nyuma. Mtu nisiyemjua hana habari na hayo. Ananiuliza kama basi limeshapita. Ananiambia jua la leo kali. Kwake mimi ni mtu tu aliyesimama kituoni, na siwezi kueleza jambo hilo linavyonipumzisha.

Maisha yangu yote ya kazi nilikuwa fundi cherehani. Sasa vidole vimeshikwa na baridi yabisi, na asubuhi hasa havikamati kitu chembamba. Juzi juzi nilikwenda kupimwa damu, nikatoka na kukaa kwenye benchi nikihangaika na kifungo cha mkono wa blauzi. Zamani vifungo vya namna ile nilikuwa navishona huku naongea na mteja. Msichana aliyekaa pembeni yangu alitazama kidogo, akailaza simu yake pajani, akasema, "Nikusaidie, bibi?" Akasubiri nimjibu kwanza. Nilipomnyooshea mkono alifunga kifungo, akaona pindo limejikunja kwa ndani, akalikunjua na kulilaza kwa kidole gumba mpaka likatulia. Halafu akauliza blauzi ile nimeshonesha kwa nani, maana ameupenda ukosi wake.

Nikamwambia nimeishona mwenyewe. Basi hapo tukaingia kwenye habari za ukosi: kwa nini kitambaa cha juu hukatwa kikubwa kidogo kuliko cha chini ili mshono usichungulie nje, na kwa nini pembe hupunguzwa kabla ya kugeuzwa. Alisikiliza kweli. Akanionyesha gauni alilolivaa na kuniuliza mbona linavuta mabegani, nami nikaona kosa lilipo na kumweleza amwambie nini fundi wake. Kisha akaitwa ndani. Sikujua jina lake.

Nimelifikiria sana lile swali lake la ukosi. Angeweza kufunga kifungo na kurudi kwenye simu, nami ningemshukuru kwa moyo wote. Lakini kwa kuuliza alinifanya niwe na kitu cha kumpa, na nilikaa pale benchini nikiwa fundi. Watu wengi wanapowaza wema kwa wazee huwaza upande mmoja tu: kumpisha kiti, kumbebea mzigo, kumvusha barabara. Yote hayo nayahitaji, tena sana. Ila mtu akipokea tu, kila siku anapokea, anaanza kujiona kama mgeni katika dunia aliyoishi.

Mjukuu wangu yuko chuoni, na akikutana na jambo analojua litanigusa hunisomea. Alinieleza utafiti wa Amit Kumar na Nicholas Epley uliotoka mwaka 2022. Waliwapa watu nafasi ya kumtendea mtu wasiyemjua jambo dogo la wema, kwa mfano kumpa kinywaji cha moto siku ya baridi, kisha wakauliza pande zote mbili. Waliotoa walidhani wametenda kitu kidogo. Waliopokea walikuwa wamefurahi kuliko watoaji walivyokisia. Mtoaji huangalia ukubwa wa kile kitu, mpokeaji huangalia kwamba kuna mtu amemjali. Yule msichana, sina shaka, alishasahau kifungo changu kabla hajafika kwao. Ningependa ajue kwamba mimi sijasahau.

Epley huyohuyo na mwenzake Juliana Schroeder walikuwa wametangulia, mwaka 2014, kuwachunguza abiria wa treni na mabasi huko Chicago. Abiria walioombwa kuzungumza na mtu wasiyemjua walifurahia safari yao zaidi ya walioombwa kukaa kimya peke yao, ingawa watu wakiulizwa kabla walikisia kinyume chake. Hili nilishaliona kwa macho yangu. Kila mmoja anaogopa kwamba mwenzake hataki kusumbuliwa, basi wote wawili wanatazama dirishani hadi mwisho wa safari.

Sisi wazee, naona, tuna ruhusa ya kuanza. Hakuna anayemshangaa mwanamke wa umri wangu akimsalimia kijana. Ndivyo ilivyokuwa kwa mvulana mmoja niliyemkuta kituo cha basi. Alikuwa amevaa vizuri, bahasha mkononi, ila pindo la mguu mmoja wa suruali lilikuwa limefumuka na linaburuzika chini. Alikuwa akilikunja, linashuka, analikunja tena. Nilimuuliza anakwenda wapi. Akasema kwenye usaili wa kazi.

Kwenye mkoba wangu hakukosekani sindano, na uzi mweusi na mweupe. Tatizo ni kwamba kutunga uzi siwezi tena. Tundu la sindano silioni hata nikivaa miwani. Nikampa yeye. Alilamba ncha ya uzi, akafumba jicho moja, akakosa, akajaribu tena ukaingia. Nikamwambia aweke mguu juu ya benchi. Vidole vilikuwa vimeshapata joto la mchana, vikakubali. Nilimshonea mshono mfupi mfupi nikichota nyuzi chache tu za kitambaa ili usionekane kwa nje, na wakati nashona akanieleza anaogopa watamuuliza kuhusu kazi alizowahi kufanya, na yeye hajawahi kuajiriwa. Alikuwa ametaja duka la mama yake, nikamuuliza nani anafanya hesabu za duka hilo. Akanyamaza, kisha akasema, "Mimi." Nikamwambia basi akawaambie hilo.

Basi lake lilifika kabla langu. Kama alipata kazi sijui, na sitajua.

Binti yangu hapendi habari hizi. Ananiambia, "Mama, watu wa siku hizi huwajui." Ana haki ya kuogopa, kwa kuwa matapeli huwatafuta hasa wazee wanaokaa peke yao, na upweke ndio mlango wanaoingilia. Kwa hiyo nina mipaka yangu, na naishika. Simwambii mtu nisiyemjua kwamba naishi peke yangu, wala siku ninayochukua pensheni. Namba ya siri haitoki mdomoni mwangu kwa yeyote, hata akisema anatoka benki. Mazungumzo yakigeukia fedha, au mtu akianza kuniharakisha, naaga hapohapo. Lakini nikijifungia ndani kabisa nitakuwa nimejipa ugonjwa mwingine. Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti mwaka 2025 ikisema mtu 1 kati ya 6 duniani anasumbuliwa na upweke, na kwamba upweke unahusishwa na vifo takriban 871,000 kila mwaka. Nilipomsomea binti yangu hayo alinyamaza muda mrefu. Sasa ananiuliza jioni, "Leo umekutana na nani?"

Kwa vijana mnaosoma haya, nina ombi kuhusu masikio yetu. Katika watu waliovuka miaka 60, zaidi ya robo wana tatizo la kusikia linalowatatiza kweli, na wengi hawasemi kwa sababu ya haya. Sikio la uzeeni hupoteza kwanza sauti nyembamba, kama zile za s, f na t. Ndiyo maana mzee anasikia kwamba unaongea ila hapati maneno. Kupiga kelele hakusaidii. Kunafanya tu abiria wote wageuke. Njoo mbele yangu niuone mdomo wako, ongea polepole kidogo, na nisipopata, liseme jambo lile kwa maneno mengine. Usiseme "basi, achana nayo". Hilo linaumiza kuliko kutosikia kwenyewe.

Na msiulize kwa kupitia mtu mwingine. Nikiwa na mjukuu wangu, watu humuuliza yeye, "Bibi anaendeleaje?" hali nimesimama palepale. Niulizeni mimi.

Nikiwa na la kuongeza ni hili tu: ukijikuta umekaa karibu na mzee safarini na hujui uanzie wapi, muulize alikuwa akifanya kazi gani. Halafu uwe na nafasi, maana jibu linaweza kuwa refu.