Nilivyochagua swichi ya kuunganisha VLAN za hospitali

Kwa miezi kadhaa simu yangu ya kwanza ya asubuhi ilitoka chumba cha eksirei. "Kaka, picha zimelala njiani tena." Daktari yuko wodini, mgonjwa yuko kitandani, na picha za CT zinajivuta kufunguka. Nasimamia mtandao wa hospitali moja ya mkoani, na simu hizo zilininyima raha, kwa sababu VLAN zile, yaani vipande vya mtandao mmoja vilivyotenganishwa kwa mipangilio, nilizigawa mimi mwenyewe: radiolojia, madaktari, uhasibu, kamera, seva na Wi-Fi ya wageni.

Kuzigawa hakukuwa kosa. Tatizo lilikuwa pale zilipokutana. Swichi zetu zote zilikuwa za tabaka la pili, zisizoweza kuhamisha data kutoka VLAN moja kwenda nyingine, kwa hiyo pakiti (kipande cha data) ya kutoka radiolojia kwenda kwa daktari ilipanda hadi kwenye ruta kwa kebo moja ya tranki, ile inayobeba VLAN zote, kisha ikashuka kwa kebo ileile. Kamera 32, megabiti 4 kila moja, nazo zilipita hapohapo kwenda kwenye seva ya kurekodia. Kipande kimoja cha CT ni nukta 512 kwa 512, baiti mbili kila nukta, yaani nusu megabaiti hivi. Uchunguzi wa vipande 600 unafika megabaiti 300. Nilipima kwa iperf3, programu ya kupima kasi ya mtandao, saa nne asubuhi nikapata megabiti 170 kwa sekunde, prosesa ya ruta ikiwa asilimia 100. Madaktari watatu wakifungua picha kwa pamoja, kila mmoja anangoja zaidi ya sekunde 40.

Wazo langu la kwanza lilikuwa kununua ruta kubwa. Nilipokaa na kusoma hesabu za kila poti, nikaona sehemu kubwa ya data haiendi intaneti kabisa. Inazunguka humuhumu ndani. Hapo nikaanza kutafuta swichi ya tabaka la tatu, inayohamisha pakiti kati ya VLAN yenyewe bila kuzipandisha kwenye ruta.

Sokoni maneno ni mengi. Boksi moja limeandikwa L2+, jingine L3 Lite, na yote yanajisifu kwa gigabiti 48 kwa sekunde. Namba hiyo ni poti 24 za gigabiti moja zikihesabiwa kwenda na kurudi, basi. Haikuambii chochote kuhusu kuhamisha pakiti kutoka VLAN moja kwenda nyingine. Swali nililolibeba kila duka ni moja: kazi hiyo inafanywa na chipu ya swichi au na prosesa? Wauzaji wengi hawakuwa na jibu, nikawa nachukua namba ya modeli na kwenda kusoma nyaraka za mtengenezaji. Tulikuwa na Catalyst 2960, swichi ya Cisco, stoo. Ukibadilisha mgao wake wa kumbukumbu na kuiwasha upya inakubali njia 16 za kuandika kwa mkono, ambazo zingetutosha, ila poti za ile yetu ni za megabiti 100. Catalyst 3750 ya mtumba nayo hufanya kazi hiyo kwenye chipu, lakini mtengenezaji alishaacha kuitolea masasisho ya usalama, na mimi siweki kifaa cha namna hiyo mbele ya taarifa za wagonjwa.

Nikachukua MikroTik CRS326 ya poti 24. Tangu toleo la 7.1 la RouterOS, mfumo wake wa uendeshaji, inaweza kuelekeza pakiti kwenye chipu. Gharama yake ni kwamba pakiti zinazopita kwenye chipu hazikaguliwi na fayawoli ya kawaida, mlinzi wa mtandao. Unabaki na orodha za ruhusa ambazo hazikumbuki nani alianza mazungumzo. Kwa hiyo nilizipa anwani za IP kwenye swichi VLAN nne tu: radiolojia, madaktari, seva na kamera. Swichi ikawa lango lao. Wageni na uhasibu wanavuka swichi kama kawaida lakini lango lao limebaki kwenye fayawoli. VLAN ya wageni ukiipa anwani kwenye swichi, umewafungulia njia ya pembeni isiyopita kwenye fayawoli.

Tulihama usiku wa Jumamosi. Kipimo cha kwanza kilinishtua: megabiti 200 na ushei, prosesa imejaa. Kumbe sikuwa nimewasha l3-hw-offloading, mpangilio unaoikabidhi chipu kazi hiyo. Nilipoiwasha ikapanda hadi 940, prosesa imetulia. Kisha madaktari wakakosa intaneti huku picha zikifunguka vizuri. Ruta ilikuwa haijui tena VLAN zile ziko wapi. Majibu kutoka nje yalifika kwake yakakosa pa kwenda. Nikaiandikia njia ya kurudi kupitia anwani ya swichi, intaneti ikarejea.

Jumatatu saa nne nilipanda wodini bila kuitwa. Daktari wa zamu alikuwa anapitisha vipande vya kichwa kwa gurudumu la mausi, mbele na nyuma, bila kusimama.