Unaimba kama mtu wa marejesho

"Mama Neema, mbona wewe unaimba kama mtu anayepeleka marejesho?"

Basi. Bibi Eliza kaniambia hivyo Alhamisi tulipomaliza mazoezi ya kwaya, kajitanda khanga yake, kashika njia. Hakuwa amekasirika, na utani pia sikuuona. Nilijichekesha, nikamjibu, "Ah, bibi, na wewe!" Tangu siku hiyo kauli yake nasonga nayo ugali, naanika nayo nguo, nalala nayo.

Wiki yenyewe mnaifahamu: Baba Neema kapunguzwa kazi kule Mtumba, shangazi tumemzika Mvumi, na Kenani viatu vya shule vimetoboka vyote viwili. Hayo nimeyalia na nimeyaombea. Kinachonikosesha usingizi ni marejesho.

Mwanzo nilidhani ananisema kwa ule mkopo wa kikundi ninaoupelekea marejesho. Dodoma imekua, magorofa yamejaa, lakini umbea bado ni wa kijiji. Halafu nikasema hapana, anasema sauti yangu. Mwalimu wa kwaya naye hulalamika kwamba sauti ya pili tunaburuza. Usiku wa manane nikawa namjibu peke yangu: Bibi, wewe wanao wameshakua, hudaiwi ada, kwa nini usiimbe kwa raha? Jibu zuri sana hilo, nikalirudia mpaka likachuja. Maana najua amezika mume na baadhi ya watoto, na furaha yake haikuanza baada ya shida kwisha.

Kilichoniuma hasa ni kwamba amenipatia. Tangu mambo ya kazi yaanze kuyumba mwezi wa saba, nimekuwa nikienda kanisani kama ninavyokwenda kwenye kikundi: jina liitwe, nionekane, nisipigwe faini. Mkesha nimo. Mfungo nimo. Fungu la kumi la vitumbua vyangu natoa. Na ndani ya moyo nahesabu: Bwana, hayo umeyapokea, sasa na wewe tazama upande wa Baba Neema.

Jumamosi nikashindwa, nikabeba sukari kilo moja nikaenda kwake Veyula.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mbukwa," akanisalimu na kwa Kigogo. "Umekuja kunidai?"

Alikuwa amekaa chini ya mwarobaini, beseni la bluu mbele yake, anachambua zabibu. Anashika kichala, anakigeuza taratibu, iliyooza anaing'oa kwa ukucha wa kidole gumba na kuwatupia kuku bila kutazama wanaipokea wapi. Nyuki wamejaa kwenye ukingo wa beseni, na yeye anawapitishia mkono kama hawapo. Mnunuzi alichukua sehemu ya mavuno kwa mali kauli, sasa simu hapokei. Zilizobaki zimeivia shambani kupita kiasi, na zabibu haina subira ya mtama, kwamba utaitia ghalani ungoje bei. Ndiyo anakamua mchuzi, yaani maji ya zabibu, auze apate chochote.

Nilikwenda nikitegemea kukuta mtakatifu. Nikakuta mkulima anayegomba. Yule mnunuzi alisemwa siku ile! Na ng'ombe wake, na pikipiki yake, na suti anayovaa kwenye harusi za watu. Akimaliza anacheka mpaka anajifuta machozi kwa mgongo wa mkono, kisha anaendelea na pambio lake pale alipoachia.

Biblia yake ilikuwa kwenye kigoda, akanituma nimsomee Habakuki sura ya tatu, miwani yake imevunjika mkono. Nikafika pale: "wala mizabibuni hamtakuwa na matunda."

"Huyo afadhali," akasema. "Mimi matunda yapo, hela ndiyo haipo."

Tukacheka wote. Akaniambia nirudi sura ya kwanza, nione nabii anavyoanza kwa kumlalamikia Mungu kwamba analia na hasikilizwi. Watu wa mahubiri ya haraka huruka hapo, wakakimbilia "nitamfurahia BWANA" kana kwamba mzee aliamka nayo asubuhi.

Mwisho nikajikaza. "Bibi, ile kauli ya Alhamisi ulimaanisha nini?"

"Kauli ipi?"

Hakumbuki! Mimi siku zote hizo sili vizuri, yeye hakumbuki. Nikamkumbusha. Akatafuna zabibu moja, akatema mbegu.

"Paulo na Sila waliimba kule Filipi miguu ikiwa kwenye mkatale. Sisi tunapenda kuhubiri tetemeko lililofungua milango ya gereza. Nani aliwaambia litakuja?"

Kwenye daladala nikaendelea mwenyewe. Watu wa Filipi hao hao baadaye Paulo aliwaandikia barua akiwa kifungoni tena, na safari hiyo ndani ya barua hakuna tetemeko wala mlango uliofunguka. Sura ya kwanza hajui kama ataishi au atakufa. Bado anawaambia wafurahi sikuzote, na anarudia. Nawaza mmoja wa wafungwa wenzao waliowasikia wakiimba, kama alikuwa hai, amekaa na familia yake anasikiliza barua ikisomwa. Yeye alikuwepo usiku ule. Hakuhitaji kuelezwa kwamba mtu huyu aliimba kabla nchi haijatikisika.

Jana kwenye ibada nilishikwa na kicheko katikati ya zaburi, maana nilikuwa najikagua uso kama bado ni wa marejesho. Baba Neema akanitazama kwa wasiwasi. Barua ya kazi haijapatikana nyingine, deni liko pale pale. Lakini jana sikuhesabu kitu, na nilipotoka nje nilikuwa na njaa kweli kweli, nikala mlenda kana kwamba mkunga kanishauri.

Sasa huyu jirani mpya. Kaanza kuchimba shimo la choo, na nikisimama dirishani naona kabisa liko karibu na simtanki letu kuliko na nyumba yake. Baba Neema anasema tusianze ugomvi na mgeni. Mvua zikianza tutayanywa hayo maji na nani? Kesho asubuhi namfuata mjumbe kabla fundi hajaanza kupanga tofali.