Julai, Hita Inapuliza Baridi: Siku Moja Maishani Mwangu Grogan

Saa kumi na mbili asubuhi niko ndani ya matatu kutoka Githurai. Ni Julai, jua hatutaliona hadi adhuhuri, na vioo vimejaa mvuke wa pumzi zetu. Dereva anapangusa kioo cha mbele kwa kitambaa, mkono mmoja kwenye usukani. Najua kazi itakayonisubiri. Miezi mingine hakuna anayeniuliza habari ya hita ya gari. Mwezi huu ni hiyo tu.

Saa moja na nusu nafungua. Gereji yangu ni kibanda na nafasi ya magari mawili nyuma ya maduka ya spea, Kirinyaga Road, Nairobi, mtaa wa mafundi tunaouita Grogan.

Saa mbili inaingia Toyota Fielder kutoka Limuru, mwenyewe ni mwalimu.

"Fundi, habari ya asubuhi?"

"Njema, mwalimu. Umeamkaje?"

"Nimeamka na baridi, nimekuja nayo ndani ya gari."

Hita inapuliza upepo baridi, kioo kinaziba kwa ukungu, anaendesha akichungulia hadi Kangemi. Fundi mwingine alishamwambia hita imekufa na dashbodi yote ishuke. Dashbodi! Hiyo ni kazi ya siku nzima, na ikirudishwa vibaya italia kila unapopita tuta. Kwangu dashbodi hushuka mambo mengine yote yakishindikana.

Nilianza kwa kumuuliza taa ya bluu huzimika wakati gani. Gari lake halina mshale wa joto, lina taa ya bluu tu inayowaka injini ikiwa baridi. Akafikiri kidogo. "Nikiwa kwa foleni huzimika. Barabara ikiwa wazi, inarudi." Na mafuta? Siku hizi yanaisha haraka, hata hajui kwa nini. Hapo nilishaanza kunusa jibu.

Hita ya gari haina moto wake. Maji yanayopoza injini hupitishwa kwenye rejeta ndogo iliyofichwa nyuma ya dashbodi, na feni hupuliza hewa kupitia hapo. Maji yasipopata joto, au yasipofika, unaweza kugeuza kitufe hadi mwisho na bado utapulizwa baridi.

Nikachomeka skana, kifaa cha kusoma kompyuta ya gari. Joto la maji nyuzi 58, na gari limetoka Limuru sasa hivi! Injini yake ikiwa na afya hukaa juu ya 80. Kisha nikashika mipira miwili ya hita inayoingia kwenye ukuta wa nyuma ya injini. Mipira hii hueleza mengi bila malipo. Yote miwili ikichoma mkono, maji yanafika, shida iko kwenye mlango wa kuelekeza hewa ndani ya dashbodi. Mmoja ukiwa moto na mwenzake baridi, rejeta ndogo imeziba. Yote ikiwa vuguvugu, tafuta maji yaliyopungua, hewa iliyonaswa, au themostati, ile vali inayofunguka maji yakipata moto. Ya mwalimu ilikuwa vuguvugu yote.

Tukaacha injini ipoe, tukanywa chai. Mfuniko wa rejeta haufunguliwi kwa haraka, watu wameungua uso hapa Grogan nikiona.

Saa nne na nusu nikafungua. Maji yalikuwa na rangi ya strungi, chai isiyo na maziwa: maji ya bomba na kutu, kulanti, ile dawa ya kupozea injini, hakuna. Nikatoa kifuniko cha themostati. Ndani tupu. Mtu aliing'oa akafunga kama hajafanya kitu.

Hili linaniudhi kuliko ubovu wowote. Gari likichemsha, badala ya kutafuta kama feni imekufa au rejeta imeziba, themostati inatupwa, na mteja anaambiwa nchi hii ni ya joto haihitajiki. Kazi yake ni kuyazuia maji yasiende kwenye rejeta kubwa kabla injini haijapata moto. Bila hiyo, injini inapoa ovyo barabarani, kompyuta inadhani ndiyo kwanza umewasha na inaongeza petroli. Limuru iko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari. Nchi gani ya joto?

Saa tano niko dukani. "Kwani gari linaenda Ulaya?" muuzaji ananicheka huku akinipa themostati iliyoandikwa 82, nyuzi za kuanza kufunguka. Feki ni nyingi, kwa hiyo huwa naipima kwanza. Mama wa chai aliniona nikikaribia jiko lake na themostati mkononi. "Kijana wangu, sufuria hiyo ni ya chai!" Akanipa kuukuu. Nairobi, kwa mwinuko wake, maji huchemka kwenye nyuzi kama 94, zinatosha kwa kipimo hiki. Nikaitumbukiza na kipimajoto. Ilipopita 80 ikaanza kufunguka taratibu. Nzuri.

Kabla ya kuifunga niliosha mfumo, nikapitisha maji kinyume kwenye rejeta ndogo kwa presha ya chini, maana ya juu huipasua. Kutu iliyotoka! Themostati ikaingia, kile kipini chake kinachochezacheza kikiangalia juu ili hewa ipite.

Saa nane Probox ya teksi, malalamiko yale yale, ila mipira yote ilichoma. Waya wa kuvuta mlango wa hewa ulikuwa umechomoka. Dakika kumi, akaenda.

Saa tisa nikaipandisha Fielder mbele kwa jeki, nikajaza kulanti polepole, hita ikiwa kwenye moto wa mwisho. Nyuma ya dashbodi kulisikika maji yakigugumia: hewa. Nikaacha injini ingurume hadi sauti ikaisha.

Saa kumi tukapanda Waiyaki Way hadi Kangemi na kurudi, mwalimu akiendesha, mimi na skana mapajani. Nyuzi 85, 86, zikatulia. Taa ya bluu haikurudi. Mwalimu akafungua dirisha, nikamwambia alifunge, awashe AC pamoja na hita: AC hukausha hewa, hita huipasha, kioo kinabaki safi.

Akalipa kwa M-Pesa. Kesho kabla ya kuwasha gari ataangalia chupa ya kulanti, kwa kuwa hewa iliyobaki hutoka injini ikipoa usiku na kiwango hushuka. Kikiwa chini ya mstari, aongeze kulanti, si maji ya bomba, kisha anipigie.