Kicheko cha Saa Nane Usiku

Juzi binti yangu aliegemeza sikio kwenye redio, akauliza bila kugeuka: "Baba, huyu akimaliza kusema, sauti yake inaenda kuishia wapi?" Nilitaka kumjibu kwamba inaishia hapa hapa, masikioni mwetu. Nikashindwa, kwa sababu nilikumbuka usiku ule na mjomba.

Ulikuwa usiku wa kuamkia Desemba 14, kilele cha vimondo vya Jeminidi. Tulikuwa tumejiandaa kuvitazama kwa macho, lakini tangu magharibi wingu lilitanda na halikuondoka tena. Mjomba hakulalamika. Alisema, "Kama hatuvioni, tutavisikiliza," akaenda kutafuta koleo.

Kazi yenyewe haihitaji mtambo wowote wa ajabu. Mawimbi ya FM husafiri moja kwa moja. Kwa kawaida hayarudishwi chini na tabaka la juu la anga kama yanavyorudishwa yale ya masafa mafupi, kwa hiyo kituo kilicho kilomita 1,000 kutoka ulipo kimejificha chini ya mviringo wa Dunia na hukisikii kamwe. Isipokuwa kitu fulani kijitokeze huko juu na kuyaakisi. Kimondo ni kitu hicho. Punje ndogo kama mchanga huingia hewani, na hizi za Jeminidi, zilizomeguka kutoka asteroidi 3200 Phaethon, huja kwa kilomita 35 hivi kwa sekunde. Kwenye kimo cha kilomita 80 hadi 120 punje huungua na kuacha nyuma yake uzi wa elektroni, chembe ndogo mno za umeme. Kwa muda ule mfupi kabla uzi haujatawanyika, wimbi linaloupiga huakisiwa na kuangukia upande wa pili wa upeo.

Unachagua kituo chenye nguvu kilicho mbali, kati ya kilomita 800 na 2,000, ambacho masafa yake ni matupu mahali ulipo. Masafa jirani nayo yawe matupu, la sivyo kituo cha karibu kitamwagikia juu ya unachokisikiliza. Sisi tulipata nafasi karibu na megahezi 98. Gawanya 142.5, namba ya kukokotolea antena ya namna hii, kwa 98, unapata mita 1.45, ndio urefu wa antena nzima. Tukakata vipande viwili vya waya wa shaba, kila kimoja sentimita 73, kimoja tukakiunga kwenye uzi wa kati wa waya wa antena ya televisheni na kingine kwenye wavu unaouzunguka, tukahakikisha havigusani. Tukavinyoosha juu ya fito la mbao, mita mbili kutoka ardhini, ubavu ukitazama kule kituo kiliko. Ncha za antena ya namna hii ni viziwi. Ukizielekeza kwenye kituo unaweza kukaa hadi alfajiri usisikie kitu.

Redio nayo ina masharti. Nyingi za siku hizi hujinyamazisha zenyewe zikikosa kituo, na hizo hazifai, kwani unachokihitaji ni ule mvumo mtupu ambao wengine huukimbia. Redio ya mjomba ilikuwa ya zamani, ya kuzungusha kwa mkono. Akaiweka kwenye mono, maana stereo huongeza mvumo mawimbi yakiwa dhaifu.

Lakini tulipoiwasha hatukusikia mvumo. Tulisikia mngurumo wenye meno, kama nyuki ndani ya debe. Mjomba alisikiliza kidogo akasema, "Huyu si mbingu. Huyu ni sisi."

Tukaanza kutafuta. Chaja ya simu ilipochomolewa, robo ya kelele ikaondoka. Taa mbili za LED tukazizima, mngurumo ukapungua tena. Vitu hivi hukata umeme mara maelfu mengi kwa sekunde ndani yake, na kila mkato hurusha wimbi dogo la redio. Mwisho mjomba alizima umeme wa nyumba nzima kwenye swichi kuu, redio ikabaki kwa betri, nasi gizani. Hapo ndipo ule mvumo laini ulipotokea, na sehemu yake hutoka kwenye Njia Nyeupe yenyewe, kundi la nyota tulimo. Nimeusahau usiku ule kwa mengi, ila sijaisahau kazi ile ya kupita chumba hadi chumba tukijinyamazisha.

Mpaka usiku wa manane tuliambulia vipande tu: silabi moja, nusu ya noti ya tarumbeta, kishindo. Mara moja kituo kilitetemeka kwa karibu dakika nzima, nikarukaruka. Mjomba akatikisa kichwa. Ilikuwa ndege. Mwakisiko wa ndege huja taratibu na kupepesuka, ilhali ule wa kimondo hukata ghafla kama kisu na kufifia. Na kituo kikikaa dakika kumi kikisikika safi, hicho si kimondo wala ndege. Ni tabaka la ioni, chembe zenye umeme, limejikusanya huko juu. Wengi huandika namba kubwa za vimondo kwa kutozijua tofauti hizi.

Saa nane na dakika kama arobaini, mvumo ulikatika.

Ni vigumu kumweleza mtu ambaye hajawahi kukisikia kimya cha FM. Mawimbi yakija na nguvu, mvumo haupungui kidogo kidogo, hufutika. Ghafla tulikuwa ndani ya chumba cha mtu. Nilisikia ukubwa wa chumba kile na karatasi ikisogezwa. Mwanamke alivuta pumzi, akasema maneno matano au sita katika lugha ambayo mimi na mjomba hatukuijua, kisha akacheka. Hakikuwa kicheko cha kutangaza. Alicheka kama mtu aliyechekeshwa na aliyekaa mbele yake, kikaanzia kooni, kikapanda, na kikiwa bado kinapanda kikaanza kutetemeka, kikawa chembamba, mvumo ukakifunika.

Sekunde nne, labda tano. Uzi uliokibeba ulikuwa umeshatawanywa na upepo wa huko juu.

Mjomba alinong'ona gizani, "Hajui kama amefika huku."

Nikamuuliza, "Na kile ambacho hakikugonga kimondo, mjomba?"

"Kimepita."

Hakuongeza neno. Nami tangu hapo sijaacha kulihesabu neno lile. Sehemu kubwa ya nguvu ya mnara wa FM haimfikii msikilizaji yeyote. Inayokosa ardhi huendelea. Kicheko kile kilipita usawa wa Mwezi sekunde 1.3 hivi baada ya kutoka kwenye mnara. Miaka saba imepita sasa. Wimbi la redio huenda kwa kasi ya nuru, na mwaka wa nuru ni umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka mmoja. Kimeshavuka umbali wa Proxima Centauri, nyota iliyo karibu zaidi na Jua, miaka ya nuru 4.2, lakini hakijafika umbali wa nyota Shira, ambao ni 8.6. Matangazo ya kawaida ya televisheni yaliyoanza London mwaka 1936 yametangulia, yako umbali wa miaka ya nuru karibu 90, na Njia Nyeupe ina upana wa takriban 100,000.

Kwa hiyo tumefika mbali au hatujafika popote? Wimbi likienda maradufu ya umbali, nguvu yake hubaki robo. Kufikia Proxima, kicheko kile ni hafifu kiasi kwamba kipokezi kama tulivyo navyo kisingeweza kukitenga na mvumo wa anga. Kipo, lakini hakisikiki. Sijui nikiite alama tuliyoiacha au nisikiite.

Anga iliyo karibu na Dunia ndiyo tuliyoigusa kweli. Julai 9, 1962 Marekani ililipua bomu la nyuklia kilomita 400 hivi juu ya Pasifiki. Elektroni zake zikanaswa na usumaku wa Dunia, zikaharibu setilaiti kadhaa, ikiwemo Telstar iliyorushwa kesho yake. Mawimbi ya masafa ya chini kabisa, yale ya kuwasiliana na nyambizi, nayo yameizungushia Dunia kitu kama kiputo ambacho huenda kinazisukuma chembe za mionzi mbali nasi. NASA ilikieleza mwaka 2017. Kiputo hicho hakuna aliyekipanga. Tulikuwa tunazungumza tu na nyambizi zetu, na ukingo wa anga ukabadilika.

Ndiyo maana sikumjibu binti yangu upesi. Ningemwambia sauti haiishi, angedhani kuna anayeisikia. Ningemwambia inapotea, ningekuwa nimemdanganya, kwa sababu haipotei, inakonda tu. Nilimsimulia kuhusu yule mwanamke. Alinyamaza, kisha akauliza kama kicheko chenyewe kiliisha baadaye au kilikatwa.

"Kwake kiliisha," nilisema. "Kwetu kilikatwa."

"Na huko juu?"

Desemba ijayo anataka tukae sote, na amekwisha kuniuliza ni saa ngapi. Nimemwambia saa nane, Jeminidi zinapokuwa juu kabisa. Jana tulipima waya. Nilimwachia yeye koleo, akakata kipande cha kwanza sentimita 73 na cha pili 71, tukakitupa na kukata kingine. Swichi kuu ya umeme ameomba aizime yeye.